Annalena Tonelli: Mwanasheria aliyewafanya wagonjwa wa Wajir wasiache dawa

MIAKA mingi kabla ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuyahimiza mataifa yahakikishe kuwa mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa zake mbele ya mwangalizi, mwanamke mmoja Mwitaliano, ambaye wala hakuwa daktari, alikuwa akiifanya kazi hiyo kila asubuhi katika mchanga wa Wajir. Jina lake lilikuwa Annalena Tonelli.

Alizaliwa Aprili 2, 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia, vita vikuu vya pili vya dunia vikiwa bado vinarindima. Alisomea sheria na kuhitimu, lakini hakuwahi kuvaa joho la wakili. Tangu ujana wake alikuwa akishinda katika mitaa ya maskini ya mji wake, akiwahudumia watoto yatima na watu waliosahauliwa na jamaa zao, na alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani katika mji huo.

Januari 1969, akiwa na umri wa miaka 25, alifunga safari ya kuja Kenya. Hakutumwa na shirika lolote la kitawa wala serikali yoyote. Alikuwa Mkatoliki wa imani thabiti, lakini hakuwa mtawa wa shirika lolote, na jambo hilo liliwatatiza wengi waliojaribu kumweka katika fungu wanalolijua. Alianza kwa kufundisha, kwa sababu shahada ya sheria haikuwa na manufaa mengine aliyoyaona kwa watu aliowaendea. Muda si mrefu akajikuta Wajir.

Ili kufahamu uzito wa uamuzi huo, yafaa kukumbuka hali ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, kama ulivyoitwa hadi 2013, katika siku zile. Vita vya Shifta vilikuwa vimemalizika 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kutawala hadi 1991. Msafiri aliyetoka Nairobi alipita Garissa, makao makuu ya mkoa kando ya Mto Tana, kisha akakata zaidi ya kilomita 300 nyingine za mchanga na miiba kabla ya kuviona visima vya Wajir. Walimu na wauguzi waliopelekwa huko kutoka sehemu nyingine za nchi waliuchukulia uhamisho huo kama adhabu. Annalena aliuomba.

Aliwakuta wafugaji ambao mifugo yao ilikuwa imeteketea, kwa vita kwanza na baadaye kwa ukame uliofuatana katika miaka ya 1970. Mfugaji asiye na ngamia wala ng'ombe hana maziwa, na asiye na maziwa hudhoofika. Watu waliodhoofika walisongamana katika vibanda kandokando ya mji, na hapo ndipo kifua kikuu kilipopata malisho.

Wasomali huuita ugonjwa huo qaaxo, na katika siku zile lilikuwa neno la kunong'onezwa. Aliyeambukizwa alificha kikohozi chake kadiri alivyoweza, maana kujulikana kulimaanisha kutengwa na pengine ukoo mzima kukosa wachumba. Wapo waliofikishwa hospitalini na kuachwa hapo, jamaa zao wakaendelea na safari ya kutafuta maji. Annalena alianza na hao walioachwa. Aliwaosha na kuwalisha, akaketi nao usiku, na polepole akaanza kujifunza kuhusu ugonjwa wenyewe. Baadaye alisomea masuala ya tiba ya jamii na maradhi ya nchi za joto, ingawa hakuwahi kuwa na shahada ya udaktari.

Tatizo alilolikuta halikuwa ukosefu wa dawa. Dawa zilikuwepo. Lakini tiba ya wakati huo ilichukua mwaka mmoja na zaidi, na sehemu yake ilikuwa sindano. Mgonjwa wa mjini, mwenye nyumba na kituo cha afya jirani, alishindwa kuikamilisha. Sembuse mfugaji ambaye mvua ikinyesha upande wa Mandera leo, kesho hayupo tena Wajir.

Isitoshe, kifua kikuu kina hila yake. Baada ya wiki chache za dawa, homa hushuka, kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi. Mgonjwa hujiona amepona. Huzitupa dawa au humgawia jamaa anayekohoa, akafuata mifugo. Vijidudu vilivyosalia mapafuni huanza upya, safari hii vikiwa vimeshaizoea dawa. Mtu huyo hurudi baada ya miezi kadhaa akiwa hoi kuliko mwanzo, na njiani ameshawaambukiza watoto wake.

Wakati huohuo, bila wafugaji wa Wajir kujua, nafuu yao ilikuwa ikitafutwa katika eneo hili hili la dunia. Kuanzia 1970, watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walifanya majaribio katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Waligundua kwamba dawa mpya ya rifampisini, ikichanganywa na zile za zamani, yaweza kumaliza kazi kwa miezi 6 badala ya mwaka na nusu. Yalikuwa miongoni mwa matokeo makubwa ya sayansi ya tiba kuwahi kutoka katika hospitali zetu, ingawa wanafunzi wetu wa shule husikia habari zake kwa nadra.

Miezi 6 bado ni muda mrefu kwa mfugaji. Hata hivyo, ni muda anaoweza kuuhesabu. Ni msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa mvua. Mnamo 1976 Annalena alikabidhiwa kusimamia mradi wa majaribio wa WHO wa kuwatibu wafugaji wa kuhamahama kwa tiba hiyo fupi. Kilichobaki kilikuwa kumpata mgonjwa asiyeondoka.

Aliwaalika wagonjwa wahamie. Mbele ya kituo alichokianzisha na wenzake kwa ajili ya walemavu, palikuwa na uwanja mtupu. Kila familia ilikuja na aqal yake, ile nyumba ya mikeka na fito inayobebwa mgongoni mwa ngamia, ikaisimika hapo kama ambavyo ingefanya malishoni. Mgonjwa hakulazwa katika wodi yenye vitanda vya chuma na harufu ya dawa ya kuua vijidudu. Aliishi kwake, akapikiwa na watu wake, akaswali na majirani zake. Jambo moja tu lilikuwa geni: kila asubuhi alitakiwa kumeza dawa zake mbele ya macho ya mtu mwingine, na makohozi yake kupimwa kwa hadubini kwa vipindi vilivyopangwa, hata kama alijihisi mzima kabisa.

Kijiji hicho kikaitwa manyatta ya kifua kikuu. Sharti lilikuwa kwamba mtu akiingia, hatoki hadi miezi yake itimie. Annalena na wenzake, wanawake wachache waliomfuata kutoka Italia pamoja na wasaidizi wenyeji, walijua kila aqal ina nani ndani yake na nani hajaonekana asubuhi hiyo.

Pengine siri ya mafanikio hayo haikuwa dawa wala ratiba. Wagonjwa walibaki kwa sababu walimwamini, na walimwamini kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda jioni. Hakupokea mshahara. Aliishi katika umaskini aliouchagua, akala chakula kichache, akavaa nguo za kujisitiri na kujifunika kichwa kama wanawake aliokaa nao. Alijifunza Kisomali. Kwa miaka ya mwanzo wapo waliomshuku kuwa amekuja kuwabadilisha dini. Walipoona miaka inapita na hakuna aliyebatizwa, shaka ikapungua.

Katika Tanzania, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Karel Styblo alikuwa akijenga mpango wa taifa uliofuata fikra kama hiyohiyo: dawa fupi, mwangalizi, daftari la kila mgonjwa. Mpango huo ndio uliotumiwa baadaye na WHO kama kielelezo pale lilipotangaza kifua kikuu kuwa janga la dharura duniani 1993 na kuhimiza tiba ya kusimamiwa katika mataifa yote. Styblo alikuwa mwanasayansi mwenye takwimu na taasisi nyuma yake, naye anastahili sifa anazopewa. Wajir haikuwa na hayo yote. Ilikuwa na uwanja, mikeka na mwanamke mkaidi. Hata hivyo, manyatta zikaigwa na mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, zikajengwa katika miji mingine ya Kaskazini, Garissa ikiwemo.

Yanayosimuliwa hapa ni ya kifua kikuu, lakini wahudumu wa afya wa leo katika eneo hilo watayatambua mara moja katika maradhi mengine. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, lina hila inayofanana na ile ya qaaxo baada ya wiki chache za dawa: mwenye nalo hahisi kitu. Hakohoi wala hatoki jasho la usiku. Anaweza kutembea na presha ya 180 kwa 110 kutoka nyumbani hadi msikitini na kurudi kwa miaka, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikichakaa, hadi asubuhi moja anapoamka upande mmoja wa mwili hauitiki.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa ugonjwa huo hauwahusu wafugaji. Imani hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Katika miaka ya 1960 watafiti walipowapima vijana wa Kisamburu waliotoka malishoni na kujiunga na jeshi, waliona shinikizo lao la damu likipanda baada ya miezi michache ya maisha ya kambini, ambako chakula kilikuwa na chumvi nyingi kuliko maziwa waliyoyazoea. Kilichobadilika kilikuwa maisha yao, kabila lao likiwa lile lile. Na wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera wamebadilishiwa maisha kwa kiwango kikubwa zaidi tangu wakati huo. Ukame umewasukuma mjini, katika zile bulla zinazozidi kupanuka, na badala ya maziwa ya ngamia na mwendo wa siku nzima sasa wana wali, mafuta ya kupikia, chai yenye sukari nyingi na kukaa kitako.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi hata mara moja kufungwa ule mkanda wa kupimia mkononi. Kipimo chenyewe hakichukui zaidi ya dakika chache. Anayepimwa huketi na kutulia kwanza, mkono ukiwekwa usawa wa moyo, na kipimo hurudiwa. Kikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi katika ziara tofauti, hapo ndipo huambiwa ana ugonjwa. Neno kuu hapo ni ziara tofauti. Kipimo kimoja cha siku ya mkutano wa hadhara, mtu akiwa ametembea juani, hakimwambii mengi. Na aliyeanza dawa atazimeza kwa miaka, si kwa miezi 6, huku akirudi kupimwa ilhali hana maumivu yoyote. Hakuna manyatta inayoweza kumweka mtu mzima uwanjani maisha yake yote, na hapo ndipo ugumu wa zamani unapowarudia wauguzi wa leo kwa sura mpya.

Annalena mwenyewe hakupata nafasi ya kuliona tatizo hilo likikomaa Wajir, kwani Kenya ilimtoa.

Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka Wajir na vitongoji vyake, wakawapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache nje ya mji. Walivuliwa nguo na kuwekwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi walipigwa risasi, hasa pale walipojaribu kukimbia, na wengine maiti zao zilitupwa porini. Serikali ilitaja kwanza watu 57. Wenyeji wamekuwa wakihesabu mamia na hata maelfu, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake 2013 iliyatambua mauaji hayo kuwa miongoni mwa maovu makubwa kabisa yaliyotendwa na vyombo vya dola tangu uhuru.

Katika siku zile ambapo mji mzima ulikuwa umefunga mdomo kwa hofu, Annalena alitoka kwa gari kwenda porini kuokota majeruhi na maiti. Wengine kati ya waliouawa walikuwa jamaa wa wagonjwa aliokuwa akiwapa dawa kila asubuhi. Hakuishia hapo. Habari za yaliyotokea, pamoja na picha na majina, zilipenya hadi kwa wanadiplomasia jijini Nairobi na kutoka huko kwenda nje ya nchi, na yeye alikuwa na mkono mkubwa katika hilo. Wapo wanaoamini kwamba lau si yeye, idadi ya waliokufa ingeongezeka zaidi. Mtu anayehesabu wagonjwa wake kila siku ni shahidi mgumu kumdanganya: alijua nani hakurudi.

Mwaka uliofuata, 1985, ilimbidi aondoke Kenya. Alikuwa ameishi nchini kwa zaidi ya miaka 15.

Baadaye alikwenda Somalia, akafanya kazi Beledweyne, kisha Mogadishu, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimkuta 1991. Mashirika mengi yalipoondoa watu wao, yeye alibaki akilisha wenye njaa na kuwatibu wenye kifua kikuu. Baadaye alihamia Merca, mji wa pwani kusini mwa Mogadishu. Huko alitishiwa maisha mara kadhaa hadi akalazimika kuondoka. Daktari Graziella Fumagalli, Mwitaliano mwenzake aliyeshika nafasi yake katika hospitali ya kifua kikuu ya Merca, aliuawa kwa risasi Oktoba 1995.

Mtu mwingine angeisoma habari hiyo kama onyo. Mwaka 1996 Annalena alikwenda Borama, kaskazini magharibi, katika eneo la Somaliland lililojitangazia uhuru 1991, akaanza upya. Hospitali ya kifua kikuu aliyoijenga huko ilifikia vitanda takriban 250, pamoja na vibanda vya wagonjwa waliokuja na jamaa zao kutoka mbali, hata kutoka Ethiopia na Djibouti. Taratibu zilikuwa zilezile za Wajir. Kando ya hospitali alianzisha shule ya watoto viziwi na walemavu wengine, akaleta madaktari wa macho wa kuwafanyia upasuaji vipofu, na akawaunga mkono wanawake wa Borama waliojitosa kupinga ukeketaji wa wasichana. Alipoanza kuwapokea wagonjwa wa ukimwi, baadhi ya wakazi walimpinga waziwazi, wakidai anauleta ugonjwa mjini mwao. Aliendelea kuwapokea.

Juni 2003 alikwenda Geneva kupokea Tuzo ya Nansen, ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hutoa kila mwaka. Kwa miaka zaidi ya 30 alikuwa amekwepa kamera na majukwaa, na sasa jina lake lilisomwa ulimwenguni kote. Alirudi Borama baada ya sherehe, akaendelea na kazi.

Jioni ya Oktoba 5, 2003, akiwa katika uwanja wa hospitali yake, mtu mwenye bunduki alimfyatulia risasi kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 60. Huko Wajir, walikuwapo watu wazima wenye watoto na wajukuu waliowahi kuingia katika manyatta yake wakiwa wamebebwa, na waliokuwa bado wakikumbuka saa ya kumeza dawa. Borama kulikuwa na wagonjwa waliokuwa katikati ya miezi yao 6.